Kumtafuta Kiongozi wa Mlima wa Musa huko Walikale

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye mtoni ananiuliza lilelile: "Furaha, uliaga siku tano, ukakaa kumi na moja, ukarudi na mugeni juu ya pikipiki. Kulikuwa nini?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila kipande kikifika kwa jirani wa tatu kimeshaota mkia. Naandika yote mara moja, nanyi mkiniona njiani mniulize habari za maharagwe yangu.

Kwa asiyetujua: mimi ni mshonaji wa Muheto, na sekretari wa kundi la watu kumi na watano wa kanisa letu. Miaka mitatu sasa tunapanga safari ya Sinai, kule jangwani, kupanda mlima ambako Mungu alisema na Musa. Mambo ya tiketi na karatasi nayaruka, yalishanikondesha vya kutosha. Kiongozi wetu alikuwa Papa Gedeoni wa Walikale, mtu aliyekwisha kupanda mlima ule mara tatu na kuongoza makundi mawili. Tulimjua kwa sauti alizotuma kwenye simu, na kwa picha moja tu: amekaa juu ya ngamia, anacheka, nyuma yake mawe matupu. Mwezi mzima simu yake haikujibu. Tukasema ni mtandao, kama kawaida ya Walikale.

Mwenye haraka kuliko wote alikuwa mama yangu. Mwaka ule tulipokimbia vijiji, mdogo wangu alipotea msituni siku tisa, akiwa na miaka sita. Mama alimwahidi Mungu: mtoto akirudi, nitakwenda kukushukuru juu ya mlima wa Musa. Mtoto alirudi, amevimba midomo, mzima. Leo ana ndevu na watoto wake, na mama anakaribia miaka themanini, ahadi bado anayo.

Magoti yake ndiyo yalileta shida. Kundi letu lina kanuni: asiyeweza kupanda kutoka mtoni hadi kanisani bila kupumzika, hasafiri. Mama alijaribu mbele ya komite nzima, akakaa chini mara mbili. Wanaume wa kilima chetu wakasema, basi tutambeba kwa kipoyi, machela ya miti tunayobebea wagonjwa hospitali, wanne kwa wanne kwa zamu. Papa Silvestre, prezida wetu, akakuna kichwa.

"Kanuni iko kanuni, Mama. Lakini guide mwenyewe akisema kipoyi inapita kule, siye tutakubali. Tunamupatia mupaka Jumamosi ya pili. Kiisha pale tutaandika muntu mwingine."

Ndiyo maana nilikwenda Walikale. Nilibeba swali moja: je, mama yangu anaweza kufika juu?

Muheto hadi Kingi

Motari wangu, mwenye pikipiki, alikuwa Papa Bosco, mtu wa miaka hamsini anayeendesha akiimba nyimbo za mazishi. Nilimwomba aimbe kitu kingine. Akasema nyimbo zingine hazijui vizuri.

Mama alinifungia viazi vya kuchemsha na fromaji nzima ya mviringo, jibini ya kwetu, kwa ajili ya Papa Gedeoni, kwa sababu kwetu huendi kwa mtu kumwomba jambo ukiwa mikono mitupu. Ndani ya mfuko nilikuwa pia na ramani. Katekista wetu aliichora akisikiliza zile sauti za simu: mlima, njia inayojikunja, mishale myekundu, "hapa maji", "hapa kundi la kwanza lisubiri kundi la pili", "hapa tupande kabla jua halijatoka". Chini yake, majina yetu kumi na tano, umri, na nani ni chefu, yaani mkubwa, wa nani. Niliipenda sana ramani ile.

Mvua ilitupiga kuanzia mlima wa kwanza. Papa Bosco aliniuliza kama kweli kuna nchi ambayo mvua hainyeshi mwaka mzima. Nikamwambia ndiyo, ndiko tunakokwenda. Kilomita moja mbele akasema:

"Na ng'ombe banakula nini?"

Sikujua. Musa alichunga kondoo wa mkwe wake kule, hilo limeandikwa, lakini walikula nini? Miaka mitatu ya mikutano, na sisi watu wa malisho hatukuwahi kuuliza! Nililala Kingi kwa binamu ya mama nikiwa na aibu kidogo.

Kingi hadi baryeri

Siku ya pili, baada ya Masisi centre, tulikuta baryeri, kizuizi: kamba imekatiza njia. Mahali sitapataja, na waliokuwa pale sitawataja pia. Walikuwa wanne na bunduki zao, na mkubwa wao alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokatika mguu.

Walifungua mfuko wangu. Wakatoa viazi. Wakatoa fromaji. Kisha wakatoa ramani, na nikaona uso wa mkubwa ukibadilika.

"Iyi mulima iko wapi?"

"Iko mbali, Papa. Njo mulima ya Musa."

"Musa iko na grade gani?"

Nilidhani ananitania, kumuuliza Musa cheo cha jeshi. Nilitazama macho yake, hakuwa anatania. Aliweka kidole kwenye mshale mwekundu: kundi la kwanza lisubiri kundi la pili, tupande kabla jua halijatoka. Hapo ndipo nilipoisoma ramani yetu kwa macho yake: mpango wa vita. Papa Bosco aliacha hata kuimba.

"Iko na bantu ngapi, uyu Musa?"

Mtu akiogopa sana husema kweli bila kupima. "Banaume elfu mia sita," nikasema, "bila kuhesabu banamuke na batoto."

Yule mtu akasimama. Kiti kikaanguka. "Biko wapi sasa?"

"Bote balishakufaka, Papa. Jangwani."

Sijui ningeishia wapi kama mmoja wao, mwembamba mwenye kofia ya sufu, asingeanza kucheka mpaka akashika tumbo. "Chefu, iko Musa wa Biblia! Ule wa amri kumi!" Chefu hakuridhika. Akataka nizitaje zote kumi, pale pale, kwenye mvua, nikiwa nimeinua mikono. Nilizitaja. Nilipofika "Usiibe" nilisita, kwa sababu alikuwa ameshakata fromaji ya mama katikati na nusu alikuwa nayo mdomoni. Alitafuna taratibu, ananitazama.

"Endelea," akasema.

Niliendelea. Walituachia na nusu ya fromaji, ramani wakabaki nayo. Papa Bosco hakuimba tena siku ile.

Msituni

Sisi watu wa milima tumezoea kuona mbali. Ukiamka unaona shamba la jirani, na la jirani wa jirani, na paa la kanisa la pili. Ukiteremka kuelekea Walikale, miti inakufunika, joto linakulalia kifuani, na mbele yako ni tope tu na pikipiki ya mwingine. Nilihisi kama nimewekewa sufuria kichwani.

Daraja la magogo lilikuwa limezama na lori juu yake. Tulikaa pale siku mbili na nusu. Kando ya njia Mama Zawadi alikuwa na kibanda cha chakula, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alinitengea bugali, sombe ya majani ya muhogo iliyojaa mawese, na nyama ya moshi. Nilikula kwa njaa. Nilipogeuza kipande cha pili nikakuta mkono. Mkono mdogo, wenye vidole vitano na kucha.

Niliruka nikaangusha benchi pamoja na mzee aliyekuwa amelikalia. Mama Zawadi alishangaa kuliko mimi.

"Iko makaku tu, kima wa pori! Kwenu hamukulake nyama?"

"Tunakula, Mama, lakini haitusalimiake."

Alicheka, akaniletea ndizi, na tangu hapo tukawa marafiki. Nilimweleza safari yetu ya jangwani. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna miti kule. Nikasema hakuna hata mmoja.

"Sasa maharagi banapikia na nini?"

Swali la pili ambalo komite yetu haikuliona! Maharagwe yanataka saa tatu motoni, na sisi tulishapanga kubeba kilo ishirini. Mama Zawadi alisikitika kwa ajili yetu kabisa, akaingia ndani, akanitolea kifuko cha makala, makaa ya kupikia. "Mutabeba. Kidogo kidogo itafika."

Nilipomtajia Papa Gedeoni, uso wake uliwaka. "Ule wa mulima? Namujua sana! Alipitaka hapa, bantu babili bakamubeba mupaka ngambo ya potopoto, hata kiatu haikuchafuka."

Nilifurahi. Nikasema moyoni, huyu ni mkubwa kweli, watu wanambeba asikanyage tope kama machifu wa zamani. Nikaanza kuogopa kwamba nusu fromaji haitatosha.

Walikale

Tulifika siku ya sita, adhuhuri. Nyumba ya Papa Gedeoni kila mtu aliijua. Nilimkuta uani chini ya paa la mabati, amekaa juu ya mkeka kati ya viatu vya watu, anashona soli. Alikuwa na kifua kipana na mikono kama ya mpasua mbao, na kitenge kimefunika mapaja. Sauti ilikuwa ileile ya simu. Nilijitambulisha: Furaha wa Muheto, sekretari. Tabasamu alilonipokea nalo likafutika.

"Ah," akasema. "Sekretari."

Hakuniambia karibu. Mkewe, Mama Justine, ndiye aliyeniletea kiti na maji, naye pia hakucheka. Nilitoa nusu fromaji nikaeleza habari ya nusu nyingine. Hawakucheka hapo pia. Basi nikamwaga swali langu lote: mama, ahadi, siku tisa za msituni, magoti, kipoyi, Jumamosi.

Papa Gedeoni aliweka sindano chini. Akaegemeza mikono yake miwili ardhini, akajiinua, akajisogeza, akaweka tena mikono, akajisogeza. Alivuka uani namna hiyo mpaka kwenye mlango, kitenge kikafunguka njiani, na nikaona miguu yake: myembamba kama mikono ya mtoto, imekunjwa pamoja tangu zamani.

Nilisimama. Sikujua nimesimama kwa nini. Picha ya ngamia ilinirudia, na watu wawili wa Mama Zawadi kwenye tope, na mikutano yetu yote ambapo tulisema "Papa Gedeoni atatembea mbele".

Alirudi na Biblia chini ya kwapa. Ndani yake mlikuwa na barua. Akaifungua akaninyooshea.

"Hii mwandiko iko ya nani?"

Niliijua kabla sijaishika. Ni barua tuliyompelekea kwa mkono wa mchuuzi wa mafuta, mwezi mmoja na nusu uliopita, na kanuni za kundi. Kanuni ya kwanza, imepigiwa mstari chini kwa rula: asiyeweza kupanda kutoka mtoni hadi kanisani bila kupumzika, hasafiri.

Ningeweza kusema ni ya katekista. Shetani aliniletea jina lake mpaka kwenye ulimi.

"Iko yangu, Papa. Na hata kanuni, ni mimi niliitunga. Komite ilipiga makofi tu."

Ndivyo ilivyokuwa, na ninyi mnajua, mlikuwepo. Niliitunga mimi, siku ile nilipoona wazee wengi wanajiandikisha na nikaogopa watatuchelewesha. Mama yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Nilijiona mwerevu.

"Njo maana sikujibu simu," akasema. "Nilisoma, nikasema: aya, hawa bantu banataka bale benye miguu. Mimi ndani ya kanuni yenu siko."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, alipandaje mlima mara tatu.

"Ngamia inafika mupaka fasi moja. Pale inabakia ngazi mia saba na makumi tano za mawe. Guide wa kule alitaka kunibeba, nikakatala. Nilikaa kwa ngazi ya kwanza, nikageuzia mulima mugongo. Mikono, kiuno. Mikono, kiuno. Benzangu balifika, balisali, balianza kushuka, tukakutana njiani. Nilifika wa mwisho. Lakini nilifika."

"Na kipoyi, Papa?"

"Kipoyi haipite. Njia inajikunja sana, mawe imevunjika, mutamuangusha." Akanitazama sana. "Mama yako iko na mikono?"

Nikalia. Nililia mbele ya wenyeji wangu, kwa sababu kwa muda wote ule tulimpima mama kwa magoti yake, na mikono yake ndiyo iliyofyeka, ikalima na kutulea sisi wote saba.

Nilimwomba radhi. Nilimwomba aje, kwa kuwa bila yeye hakuna anayekwenda, na mama hana miaka mingine mitatu ya kusubiri. Alirudi kushona mpaka soli ya kiatu kizima ikaisha. Mama Justine ndiye aliyesema kwanza.

"Gedeoni, mutoto wa bantu ametoka Masisi na ile barabara."

"Nitakuja," akasema. "Lakini sitakuja kama guide. Nitakuja kufanya examen, mutihani yenu ya mutoni, kama bengine. Nikianguka, mutatafuta muntu mwenye miguu."

Kurudi

Tulirudi watatu juu ya pikipiki: Papa Bosco mbele, Papa Gedeoni katikati amefungwa kwa kitenge changu, mimi nyuma na makala. Kwenye daraja Mama Zawadi mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni, anapiga kelele watu wapishe. Safari hii niliona kwa nini anabebwa.

Kwenye baryeri tulisimamishwa tena. Ramani yetu walikuwa wameibandika ukutani mwa kibanda. Mkubwa aliniona, akamwona mgeni katikati, akasimama taratibu.

"Huyu njo Musa?"

"Huyu njo guide," nikasema.

Alimtazama Papa Gedeoni miguu, kisha ramani, kisha miguu. Alikwenda akaibandua ramani akanirudishia, akafungua kamba kwa mkono wake mwenyewe. Hakuomba kitu. Papa Bosco alianza kuimba wimbo wa mazishi, na Papa Gedeoni akaitikia, alikuwa anaujua wote.

Mtoni

Tulifika Muheto Jumamosi asubuhi, siku ileile ya mwisho. Komite ilikuwa imekaa mbele ya kanisa, kalamu mkononi. Papa Gedeoni hakutaka chai. Aliuliza mto uko wapi.

Mlikuwepo, lakini wengine wenu mlifika mwishoni, kwa hiyo nasema. Alikaa kwenye jiwe la kwanza la njia, akaugeuzia mlima mgongo, akaweka mikono. Mikono, kiuno. Papa Silvestre alitoa kofia.

Mama alimtazama akipanda mawe matano. Kisha akanipa fimbo yake, akakunja kitenge vizuri katikati ya magoti, akakaa kwenye jiwe la kwanza.

Jua lilikuwa halijapasha nyasi walipoanza. Walipumzika walipotaka. Kwenye kona ya mgomba walikula viazi na kuzungumza habari za ngamia, tena kwa kicheko. Mama aliniambia baadaye kwamba miaka yote amepanda njia ile akitazama vidole vyake vya miguu, na hakuwahi kuona bonde lote namna lilivyo, na shamba letu kule chini, na mto. Kengele ya saa sita ilipolia mgongo wake uligusa ukuta wa kanisa. Matope yalimfika hadi viwikoni.

Papa Gedeoni alifika baada yake, makusudi, nadhani. Akahema, akanigeukia.

"Sekretari, andika. Tumepumuzika mara kumi na ine. Bote babili tumeanguka mutihani."

Kalamu nilikuwa nayo. Sikuandika. Papa Silvestre alikuwa anatazama chini, na komite yote na yeye.

"Furaha," mama akasema, "ile barua yako iko wapi?"

Papa Gedeoni aliitoa kwenye Biblia akampa. Mama hajui kusoma, lakini mstari wa rula aliuona. Akaikunjua barua juu ya magoti, akajipangusa matope kwayo, kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kila kidole. Halafu akaigeuza upande uliobaki safi, akampa Papa Gedeoni naye apanguse.